Dobi Aliyeagwa Mara Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi toroli la kwanza linaingia katika chumba cha kufulia cha hospitali likiwa limejaa nguo na mashuka kutoka wodi ya wanaume. Mwanamke mwenye buti za mpira na aproni ndefu ya plastiki analisimamisha kwa nyonga, maana mikono yote miwili ameshaivisha glavu.

Hafungui bomba wala hawashi mashine. Anachukua koti jeupe la daktari lililo juu ya fungu, anatia vidole viwili katika mfuko wa kifuani, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, halafu anapapasa ule mfuko mdogo wa ndani ambao wengi hawajui kama upo. Anatoa kalamu na kuiweka dirishani.

"Kalamu moja ikipita hapa, mashuka arobaini yanakuwa ya buluu," anasema bila kugeuka. "Halafu daktari mwenyewe anakuja: 'Mama, umeiona kalamu yangu?' Nitamwambia nimeiona sana, iko kwenye vitanda vyote."

Ukutani, juu ya mashine, kumeandikwa kwa chaki: KAGUA MIFUKO. Mwandiko ni wake. Kwa miaka kumi na tisa ameyaandika upya maneno hayo kila mvuke ulipoyafuta.

Hospitalini wanamwita Mama Kwaheri. Wauguzi wanamwita hivyo, walinzi wa getini wanamwita hivyo, na mwaka jana daktari mkuu alipokuwa akimkabidhi cheti cha utumishi mrefu alianza kwa jina hilo, akakohoa, akarudi kwenye karatasi yake.

Sababu yake ni hii. Yeye, mumewe ambaye ni fundi bomba, na binti zao wawili wameagwa kanisani mara tatu kwenda kufanya kazi ya umisionari ng'ambo. Wamewekewa mikono, wameimbiwa, wameliliwa. Na mara zote tatu wiki iliyofuata watu wamekutana nao sokoni wakichagua nyanya.

Alhamisi ya wiki hii wanatarajia kuondoka kwa mara ya nne. Kibali cha kuingia katika nchi wanayokwenda kinaisha Jumapili. Wakishindwa kufika kabla ya siku hiyo, kibali kitakuwa karatasi tu, na hospitali inayowangojea imeshawaandikia, kwa upole mwingi, kwamba nafasi yao itabidi ipewe familia nyingine.

"Kwa hiyo ndugu yangu, haya mambo yaandike kwa penseli," anamwambia mwandishi wa habari hii, na kicheko chake kinazidi kelele ya mashine.

Mambo yalianza miaka minne iliyopita, Jumapili moja ya kawaida. Muuguzi mgeni alisimama mbele ya kanisa kueleza kuhusu hospitali ya misheni anayofanyia kazi, mbali sana, mwendo wa ndege mbili na siku nzima ya gari. Ina vitanda arobaini. Alisema mama akijifungua analala juu ya nguo aliyokuja nayo. Alisema vidonda vinapona, kisha vinaoza tena, kwa sababu mashuka machache waliyonayo yanafuliwa kijitoni kwa maji baridi na kuanikwa majanini.

"Watu walilia," anakumbuka. "Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu mapipa. Nikawaza, vitanda arobaini, mashuka mawili kila kimoja, yanahitajika mapipa mangapi ya kuchemshia? Mara nikamsikia mume wangu pembeni ananong'ona, 'Maji yao yanatoka wapi?' Nikajua huyu naye keshaondoka."

Hata hivyo alikwenda kwa mchungaji akiwa na hofu. Umisionari, kwa alivyoelewa, ni kazi ya watu wa kuhubiri, na yeye hata akipewa tangazo asome kanisani humsukumia aliyekaa jirani.

"Mchungaji akaniuliza, 'Nani kakwambia wanatafuta mhubiri? Mhubiri wanaye, tena anaongea sana. Wasichokuwa nacho ni shuka.'"

Iliwachukua miaka miwili ya maombi, barua na vyeti kufikia siku ya kuagwa kwa mara ya kwanza. Waliuza kabati, makochi, runinga na kitanda chao kikubwa. Meza ya kulia chakula ilinunuliwa na jirani yao, fundi cherehani, aliyekuwa akiitamani tangu zamani na hakuficha. Dobi aliacha kazi. Binti mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, alipewa na darasa lake kadi kubwa yenye sahihi za wanafunzi wote.

Zilikuwa zimebaki siku tatu wasafiri, dobi alipoona haiwezekani mumewe apande ndege na koti linalonuka mabomba ya watu. Akachemsha maji. Akamimina sabuni. Akaliloweka koti kwenye beseni na kwenda sokoni kununua kamba za kufungia mizigo.

Kwenye mfuko mdogo wa ndani mlikuwa na pasipoti nne zenye vibali vyote vya safari. Mumewe alikuwa amezichukua ubalozini asubuhi ile na kuziweka mahali alipoona ni salama kuliko pote.

"Na aliyemfundisha kwamba mfuko wa ndani hauonekani na mwizi ni nani? Ni mimi!" anasema, akijigonga kifuani na glavu iliyolowa. "Nguo za hospitali nakagua. Nguo za watu nisiowajua nakagua. Za nyumbani kwangu sikukagua, kwa sababu nilijiona najua kila mtu anaweka nini wapi."

Aliporudi baada ya saa mbili aliingiza mkono kwenye beseni akahisi kitu kigumu. Alizitoa moja moja na kuzipanga sakafuni. Mihuri ilikuwa imegeuka madoa. Picha zilikuwa zimebanduka. Ya binti mdogo haikuwa na uso.

Mumewe aliingia, akatazama, akataka kukaa. Viti walishauza. Akaketi sakafuni kando ya pasipoti, kisha akalinyanyua koti.

"Angalau limetakata," akasema.

Leo wanacheka wakilisimulia hilo. Siku ile dobi alijifungia bafuni, akafungua bomba ili watoto wasisikie, akalia mpaka ndoo ikafurika.

"Nilimnunia Mungu wiki nzima," anasema. "Nilikuwa naombea chakula tu. Namwambia asante kwa chakula, amina, basi. Sina neno lingine na yeye."

Kupata pasipoti mpya kulichukua miezi minne na mshahara wake wa miezi miwili. Hospitali ilimrudisha kazini, kwani nafasi yake ilikuwa bado haijapata mtu. Jirani fundi cherehani alikataa katakata kuiuza tena meza, lakini kila jioni aliwaita waje kula chakula chao juu yake.

"Mama Kwaheri, meza yako inakusalimia!" alikuwa akipiga kelele kutoka ukumbini kwake. "Njooni kabla haijawasahau!"

Ilikuwa katika wiki ya sita ya kusubiri pasipoti ndipo mama mzazi wa dobi alipoanza kuumwa. Alilazwa wodi ya wanawake, milango miwili kutoka chumba cha kufulia. Kwa wiki saba binti yake alimwona asubuhi kabla ya zamu, adhuhuri, na jioni kabla ya kwenda nyumbani.

Sheria ya kazi hairuhusu kutenga mashuka ya ndugu, na yeye hakuyatenga. Yalifuliwa pamoja na ya wengine wote. "Lakini foronya zake nilizijua," anasema. "Mama alikuwa anapaka mafuta fulani kichwani, tangu mimi mtoto. Nikiishika tu, najua hii ni yake."

Wajukuu walipita kumwona kila walipotoka shule. Bibi alikuwa na tabia moja: kila asubuhi alimwomba muuguzi amtilie peremende mbili katika mfuko wa sweta yake, moja ya mkubwa, moja ya mdogo, ili wakija awape kwa mkono wake mwenyewe. Hata alipokuwa hawezi tena kushika kikombe, peremende alizitoa mwenyewe.

Alifariki Jumanne moja, saa nne asubuhi. Adhuhuri toroli la wodi ya wanawake lilipoletwa, sweta ilikuwa ndani.

Wenzake walimwambia aache, watafanya wao. Alikataa. Akakagua mifuko kama kawaida, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Zilikuwa mbili," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake inatulia. "Kwa hiyo alikuwa anawangojea."

Mashine inamaliza mzunguko wake. Hasogei kuifungua.

"Kama lile koti lisingefuliwa, mimi ningemzika mama yangu kwa simu. Ningesikia watu wanalia huko, mimi niko mbali nimeshika simu sikioni. Badala yake nilimfulia wiki saba. Nilimwosha miguu. Nilikuwapo. Basi nilipiga magoti nikamwomba Mungu anisamehe ile wiki niliyomnunia. Sisemi Yeye ndiye aliyezitia pasipoti majini. Aliyezitia ni mimi, kwa mikono hii. Nasema alizikuta humo, na akajua la kuzifanyia."

Peremende aliwapelekea wenyewe. Binti mdogo alikula yake njiani wakirudi kutoka mazishini, huku analia. Mkubwa aliitia yake mfukoni, na hakuna aliyeiona tena.

Waliagwa mara ya pili mwaka jana. Safari hii pasipoti zilikaa ndani ya kopo la biskuti juu ya mlango, mahali pasipofikiwa na maji wala sabuni. Siku moja kabla ya safari ikaja barua: nchi wanayokwenda imebadilisha utaratibu, vibali vyote vya zamani vimesitishwa, waombe upya.

Mara ya tatu, miezi saba iliyopita, vibali vilikuwa sawa, tiketi zilikuwa sawa, na kila mtu alikuwa mzima. Ikanyesha mvua kule, ikabeba daraja. Hospitali ya misheni ikaomba wangoje mpaka kiangazi, kwani hata dawa zilikuwa zikivushwa kwa kamba.

Kuagwa huko kwa tatu kulihudhuriwa na watu wachache. Mzee mmoja wa kanisa, maarufu kwa kusema linalomjia, alimshika fundi bomba mkono kwa nguvu na kumwambia, "Nendeni salama baba, tuonane Jumapili."

"Na kweli tulionana Jumapili," anasema fundi bomba, ambaye amepita chumba cha kufulia kumletea mkewe chai. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kupapasa bomba lolote analosimama karibu nalo. "Nilimkuta mlangoni. Hakusema kitu. Alinipa tu kitabu cha nyimbo."

Lakini miezi hii saba haikupita bure. Mashine kubwa ya hospitali iliharibika, na kwa wiki tisa kifaa kilichohitajika hakikupatikana. Dobi akarudi kwenye mapipa na kuni. Alilazimika kujifunza maji yachemke muda gani, majivu ya kufulia badala ya sabuni yachujwe vipi, shuka lenye damu lianze na maji gani, mambo ambayo mashine ilikuwa imemsahaulisha au hakuwahi kuyajua. Yote ameyaandika kwenye daftari la mazoezi lenye jalada la plastiki.

Mumewe naye, akimwona anasokota mashuka mpaka viganja vinachubuka, alichonga magogo mawili ya mbao, akayafunga kwenye fremu ya mabomba na kuyatia mpini wa kuzungusha. Shuka linaingia likidondoka maji, linatoka upande wa pili limekamuliwa. Kifaa hicho sasa kimefunguliwa vipande kumi na moja na kufungwa ndani ya mablanketi, tayari kwa ndege.

"Kule umeme unakuja kwa saa tatu tu kwa siku, ukipenda," dobi anasema. "Ningefika mwaka juzi nikiwa nimezoea kubonyeza kitufe, ningewafaa nini? Ningekuwa mgeni wa kupikiwa tu."

Mtu mmoja hakubaliani na shukrani zote hizi. Ni binti mkubwa, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano. Yeye ndiye aliyekuwa akirudi darasani baada ya kila kwaheri. Wenzake walimbandika jina la Ndege ya Kesho. Mara ya pili walimwomba, kwa mzaha, awarudishie kadi. Baada ya mara ya tatu alitoa nguo zake sandukuni, akazipanga kwenye boksi chini ya dirisha, na kutangaza kwamba yeye hatapanga tena sanduku na haagi mtu tena. Alitaka abaki kwa shangazi yake amalize shule.

"Hajakataa kwenda," baba yake anasema polepole. "Amekataa kuamini. Na siwezi kumlaumu, maana kila tulipomwambia amini, tulimwaibisha."

Hawakumlazimisha. Shangazi yake ameshakubali kumpokea iwapo mpaka Jumatano atakuwa hajabadili nia. Tiketi yake ipo, katika kopo la biskuti pamoja na nyingine.

Ikifika saa nane, dobi anaanza makabidhiano. Anayempokea ni mwanamume wa makamo aliyehamishwa kutoka jikoni. Kitu cha mwisho anachokabidhiwa ni debe la vitu vilivyookotwa mifukoni ambavyo wenyewe hawajavifuata: vifungo, funguo, miwani, barua, pete, picha ndogo za watoto.

"Na haya meno?" anauliza mpokeaji.

"Ya mzee wa kitanda cha nne. Alisema atayarudia."

"Lini?"

"Mwaka wa saba huu."

"Basi keshazoea uji."

Wanacheka. Kisha dobi anashika debe kwa mikono miwili na sauti yake inabadilika. "Usitupe kitu humu. Kuna watu wanakuja baada ya mwaka, baada ya miwili. Wamezika, wamekaa, halafu siku moja wanakumbuka marehemu alikuwa na miwani. Hawaji kutafuta miwani. Wape viti kwanza."

Mpokeaji anatikisa kichwa kukubali. Anasogeza kiti karibu na mlango, kana kwamba mtu yuko njiani.

Nyumbani kwao, dakika ishirini kwa miguu, vyumba viwili ni vitupu tena. Magodoro yamekunjwa ukutani. Kalenda iko pale pale: tarehe ya kwanza imezungushiwa wino mwekundu, ya pili wino wa buluu, ya tatu penseli. Alhamisi ya wiki hii haina alama yoyote.

Hakuna ibada ya kuagwa safari hii. Mchungaji aliwaambia, "Safari hii nendeni tu. Mkifika mtupigie simu, ndipo tutawaaga." Jirani fundi cherehani naye amekataa kusema kwaheri, amesema yeye ataamini siku meza itakapoacha kuuliza wenyewe wako wapi.

Dobi amebadili nguo na anafua mara ya mwisho, uani, kwenye beseni lile lile lililomeza pasipoti. Koti la mumewe limeshakaguliwa mara mbili, mara moja na yeye na mara moja na mwenye koti. Binti mdogo anakagua soksi.

Ndipo binti mkubwa anatokea mlangoni. Ameshika sweta ya shule.

"Mama, na hii."

"Utaivaa shule kesho?"

"Nataka nivae kwenye ndege. Wanasema kuna baridi."

Mama yake ananyoosha mkono. Anaipokea. Anatia vidole viwili mfuko wa kulia, kisha wa kushoto. Mkono unasimama humo.

Anatoa peremende. Karatasi yake imepauka na kulainika kama kitambaa, lakini haijawahi kufunguliwa.

"Hiyo usiiweke kwenye debe la hospitali," binti anasema haraka. "Hiyo ina mwenyewe."

"Najua ina mwenyewe."

"Sweta ikikauka, nitairudisha mfukoni. Nitaila tukifika. Tukifika kabisa, si uwanja wa ndege."

"Na tusipofika?" mama anamuuliza. Hamtanii.

Msichana anafikiri. "Basi nitaendelea kuitunza," anasema. "Bibi alikuwa anatungojea kila siku na hakuwa anauliza saa ngapi."

Anaingia ndani. Kutoka chumbani inasikika sauti ya boksi likiburutwa kutoka chini ya dirisha, kisha zipu ya sanduku.

Dobi anaiweka peremende dirishani, mahali pakavu, jua linapoipata kidogo. Anaizamisha sweta majini. Anafua kola, anafua viwiko, anasuuza mara tatu, anaikung'uta kwa nguvu na kuitundika kwenye kamba. Anabaki ameishika pindo.

Alipoulizwa atafanya nini kwanza wakifika salama, alikuwa na jibu tayari.

"Nitamshukuru Mungu kwa maneno machache, kwa sababu nitakuwa nimechoka," alisema. "Halafu nitauliza mashuka yako wapi."